Namna Nilivyotuliza Mashini ya Ngalula

Ninyi vijana mnaouza na kutengeneza kompyuta pale Likasi karibu na soko la Kikula, wenye mashini zinazowaka taa nyekundu na buluu kama baa, nina deni la jibu kwenu. Juzi mmoja wenu alikuwa analalamika. Amenunua memori yenye namba kubwa kuliko ya mwenzake, na bado mashini ya mwenzake inaipita ya kwake. Mlimcheka sana. Nami nilicheka kwa mbali, nikiwa nimeketi juu ya magunia ya mahindi, kwa maana siku hizi kazi yangu ni kusindikiza mizigo kati ya Kasumbalesa na Kolwezi. Sikusogea. Mtu aliyeacha kazi haingizi mkono kwenye sahani ya walio mezani. Lakini lile jibu lilinikaa kooni safari nzima, basi naliandika.

Prosesa na memori ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mchi wa huyu unapanda wakati wa yule unashuka. Mmoja akiharakisha bila mwenzake kumfuata, ama michi inagongana, ama mmoja anasimama na mchi hewani akimngoja mwingine. Memori ya yule kijana ina mbio nyingi, sikatai. Ila njia ya ndani ya prosesa yake haiwezi kuifuata mpaka huko. Mashini ikiona hivyo inatenganisha mapigo: memori inapiga mara mbili, njia inapiga mara moja, na kila habari inangoja mlangoni. Ashushe namba ya memori mpaka zipige pamoja. Atashangaa. Namba itapungua na mbio itaongezeka.

Ninyi mna bahati. Leo memori inajisemea yenyewe: unaingia BIOS, pale mashini inapopangwa kabla haijaamka, unachagua mahali pamoja, inakuambia mwendo iliouzwa nao. Sisi tulitafuta kwa mkono, kama mtu anayetafuta swichi katika nyumba ya wageni.

Mwalimu wangu alikuwa Papa Muteba. Alianza na redio, akaingia televisheni, kisha kompyuta zilipofika Likasi akasema ni redio zenye kiburi. Nilimwendea nilipomaliza sekondari, nikiwa na diploma ya shule na sina pa kuipeleka. Siku ya kwanza alinipa nipake ile dawa nyeupe inayokaa kati ya prosesa na chuma cha kuipoza. Nikaipaka vizuri, kwa moyo wote, mpaka ikamwagika pembeni.

"Mwana," akasema, "uko natengeneza ao uko napaka siagi ku mukate?"

Chembe kama punje ya mchele inatosha. Sijui kama bado mnaambiwa hivyo.

Yeye ndiye aliyenipa jina la Vitesse, yaani Mbio, kwa sababu nilikuwa siwezi kuona mashini bila kutaka kuikimbiza. Prosesa ya wakati ule ilichukua mapigo ya msingi kutoka ubao mama ikayazidisha. Ukiongeza mapigo ya msingi, prosesa inaharakisha. Utamu ulikuwa hapo. Uchungu ni kwamba memori nayo ilichukua mapigo yake palepale, kwa uwiano fulani, hata kama wewe hukuwa umeifikiria. Umekaza mwendo wa mmoja, wawili wamevutwa.

Papa Muteba alinifundisha hivi, na mpaka leo sijaona njia bora. Kwanza shusha memori chini kabisa, isikusumbue. Ongeza prosesa kidogo kidogo mpaka ikwame. Ikikwama, rudi nyuma hatua moja, na hatua nyingine kwa ajili ya heshima. Ndipo uanze kuipandisha memori. Usigeuze vitu viwili kwa mara moja, kwa maana ukigeuza viwili hutajua ni kipi kimekuharibia. Halafu weka programu ya kupima memori, iache itembee, nenda ukale, urudi. Mstari mwekundu mmoja ukitokea, hata mmoja, usijidanganye kwamba ni bahati mbaya.

"Prosesa ikichoka," alikuwa anasema, "inaanguka mbele yako, unaiona. Memori ikichoka haikuambiake kintu. Iko nacheka na weye, na iko nakuandikia bongo."

Bongo, yaani uongo. Nilimsikia. Kusikia ni jambo moja.

Kwenye barabara ile inayoshuka kutoka stesheni ya treni, kulikuwa na studio ya mwanamke aitwaye Ngalula. Alikuwa na kamera mbili na mashini moja, na alitengeneza filamu za ndoa, za ubatizo na za matanga. Mbele ni studio, nyuma ni nyumba yake, na jirani ukuta kwa ukuta kulikuwa na mashini ya kusaga mahindi. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kwa kazi ya mgodi, kama babu yangu, lakini yeye alikuwa mtu aliyetulia mahali. Kila kitu chake kilikuwa na msumari wake ukutani.

Aliniita akaniambia: "Fundi, ipatie mbio. Filamu ya ndoa iko naikala mu mashini siku muzima."

"Kata filamu ikuwe mufupi," nikamwambia.

Akanitazama kama mtoto asiye na ukoo. "Nikate nani? Tantine wa bibi arusi? Ao ule mwenye alileta mbuzi? Weye haukuzaliwaka na bantu?"

Alikuwa na haki. Ninyi mnajua filamu zetu. Kila mmoja aliyecheza mpaka mbele ya maharusi kuweka zawadi yake lazima aonekane, tangu mlangoni mpaka anaporudi kuketi, maana filamu itakwenda Kananga kule Kasai, itakwenda Ulaya, na watu wataitazama ili wajue nani alikuja na nani hakuja. Ukimkata mtu mmoja, umemtoa katika jamaa. Kwa hiyo filamu ni saa nne, na mashini inaitafuna polepole kama ng'ombe.

Nikaipa mbio. Prosesa yake ilikuwa ya bei nafuu na ya ukarimu: niliipandisha mapigo ya msingi kutoka 200 mpaka 333, ikakubali bila kulalamika. Memori yake ilikuwa imeandikwa 667. Kumbukeni, memori ya namna hiyo inahesabu mara mbili kwa kila pigo, kwa hiyo 667 ya karatasi ni 333 ya kweli. Maana yake uwiano wa moja kwa moja ungetosha kabisa: msingi 333, memori 333, michi miwili kinu kimoja. Lakini nilikuwa Vitesse. Niliona uwiano huo ni kama kuacha nyama kwenye mfupa. Nikaweka nne kwa tano, memori ikapanda mpaka 416, nikaiongezea umeme kidogo ili ivumilie, nikaipima, hakuna mstari mwekundu. Filamu iliyokula siku nzima ikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Ngalula alipiga makofi. Akaleta bukari, yaani ugali, na samaki wa ziwa Tshangalele wenye pilipili, akaniketisha kwenye kiti chenye mto.

Sasa niwaambie jambo ambalo si la ufundi. Wakati ule nilikuwa napanga chumba mtaa wa Panda, chumba cha mtu anayejua atahama. Nimekulia katika nyumba za wajomba, moja baada ya nyingine, na sijawahi kuwa na kiti kinachojulikana kuwa changu. Nilipoketi pale, nilitaka kubaki. Sikumwambia. Nilikuwa na ulimi wa kuuzia watu mashini, wa jambo kama hilo sikuwa nao.

Nilikuwa na mashini badala yake. Baada ya majuma machache ilianza kukwama, mara moja moja. Ngalula alinitumia salamu, nikaenda na mfuko wangu wa bisibisi. Nilifungua, nikapuliza vumbi, nikagusa hiki na kile, ikaamka. Tukala. Akanisimulia juu ya harusi aliyopiga picha, namna shemeji wa bwana arusi alivyoanguka akicheza na bado akataka aonyeshwe. Nikacheka mpaka machozi. Nilirudi Panda kwa miguu nikipiga mluzi. Ilipita siku kadhaa, ikakwama tena, nikaitwa tena. Nawaambia ukweli, nikipita njiani nilikuwa naitamani ile mashini ikwame.

Ikafika Oktoba. Mnajua joto letu kabla ya mvua, hata mbwa wanatembea upande wa ukuta. Siku moja nilikuta studioni mama mmoja mnene, amefunga kitambaa kizuri kabisa, amesimama katikati ya chumba. Alikuwa Tantine Bernadette, shangazi wa bibi arusi wa juma lililopita.

"Njo huyu?" akauliza, akininyooshea kidole. "Njo huyu fundi?"

"Njo yeye, tantine," Ngalula akajibu kwa sauti ndogo.

"Kuya umone."

Filamu ilikuwa inacheza. Tantine Bernadette anaingia, anacheza, ameshika sufuria mpya juu ya kichwa, watu wanashangilia. Anafika mbele ya maharusi. Na palepale uso wake unavunjika, unakuwa vipande vya kijani, kama mtu anayetazama kupitia majani ya muhogo. Sufuria inaonekana. Yeye haonekani. Anapogeuka kurudi kuketi, uso unarudi.

"Sufuria inaonekana," akasema. "Minye, hapana. Kule Kananga batasema sufuria ilitembea yenyewe."

Sikuthubutu kucheka. Na sikuwa na sababu, maana Ngalula alikuwa amekunja mikono mapajani. Tantine alipotoka, Ngalula aliniambia kwamba ni filamu ya pili hiyo, ya kwanza aliificha asinihuzunishe. Familia nyingine kubwa ilikuwa imempa harusi ya mtoto wao wa kwanza. Ikiharibika na hiyo, watu watawaita wapiga picha wa Lubumbashi, na yeye atafunga studio.

"Harusi hairudiwe, fundi," akasema. "Siwezi kuambia bantu baolewe tena."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Muteba. Nilimweleza yote: 333, 416, umeme nilioongeza, vipande vya kijani. Aliendelea kulehemu waya wa redio, hakuinua kichwa.

"Uliipima siku gani?"

Nikafikiri. "Siku ya Yenga." Ndivyo tunavyoiita Jumapili.

"Mwezi gani?"

"Wa sita."

Akaweka chini chuma cha kulehemu. Akaanza kucheka, kicheko chake kile cha kikohozi. Mwezi wa sita kwetu ni baridi, watu wanavaa makoti. Na Jumapili mwenye mashini ya kusaga yuko kanisani, anaongoza nyimbo. Mashini yake imelala, umeme wa barabara nzima, courant kama tunavyouita, umenyooka. Nilikuwa nimeipima memori siku ya baridi, umeme ukiwa mtulivu, nikaiacha ifanye kazi siku za joto, na jirani anasaga mahindi, taa zikizama kila anapowasha.

"Siku ya Yenga," akasema Papa Muteba, akijifuta macho, "Mungu anasamehe bantu bote. Na memori pia. Upime siku ya kwanza ya juma, weye, pa saa ya njala, wakati bamama bote bako na mahindi yao ku mulango."

Kisha akaacha kucheka. "Rudisha moja kwa moja. Memori ipige 333 yake, kama benye kuiuza walisema. Utapoteza kidogo sana. Ata hautamona."

Nikabaki nikizungusha bisibisi yake mezani. Alinitazama muda mrefu.

"Vitesse. Uko nalia juu ya memori, ao juu ya bukari?"

Alikuwa ameona vizuri, na ninyi nanyi mmekwisha kuona. Kulikuwa na njia ya tatu. Ningeweza kuituliza memori, filamu zisiharibike tena, na kuiacha prosesa juu kidogo tu kuliko inavyofaa. Prosesa iliyochoka haiandiki uongo, inaanguka mbele yako. Mashini ingekwama mara moja moja, Ngalula angeiwasha upya, angenitumia salamu, hakuna bibi arusi ambaye angepoteza shangazi. Hakuna fundi mwingine hapa mjini ambaye angejua. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo.

Nilikwenda siku ya kwanza ya juma, yaani Jumatatu, mchana, jua likiwa juu ya bati. Jirani alikuwa anasaga, ukuta unatetemeka, vumbi la unga linaingia dirishani. Nilifungua BIOS. Nikaweka uwiano wa moja kwa moja. Nikaondoa umeme niliouongeza. Prosesa nikaishusha hatua moja, na hatua nyingine kwa ajili ya heshima. Nikaweka programu ya kupima, tukakaa tukiitazama, Ngalula upande huu, mimi upande ule. Taa zilizama, zikarudi, zikazama. Mstari mwekundu haukutokea.

Nyumba ilikuwa inanukia samaki.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha."

"Haitagoma tena?"

Ningeweza kusema sijui. Mafundi wote husema hawajui. "Haitagoma," nikasema.

Akachukua kitambaa, akaifuta meza ya mashini, ingawa ilikuwa safi. "Ni muzuri," akasema. Akafuta tena palepale. "Basi ni muzuri."

Akaniambia chakula kiko tayari. Nikamwambia nina mteja mwingine ananingoja. Sikuwa na mteja. Niliogopa kukaa mara ya mwisho nikijua kwamba ni ya mwisho.

Ile harusi ya familia kubwa ilitoka safi. Nilisikia kwa watu. Nilikuwa napita barabara ile bila sababu, na kupitia dirishani nilisikia vigelegele vya harusi ambayo sikualikwa, vinarudiwa, vinasimama, vinarudiwa, Ngalula akiwa kazini. Salamu haikuja. Wiki ikapita, na nyingine. Kila asubuhi niliangalia njia kama mtu anayengoja treni ambayo imefutwa. Mvua ikaanza. Mtu mmoja akaniambia Kolwezi kuna kazi katika nyumba ya intaneti, nikafunga mfuko.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa barabara. Kolwezi, Lubumbashi, Kasumbalesa, nikavuka mpaka Ndola, nikarudi. Mahali pote nilituliza mashini za watu. Nilikuwa maarufu kidogo kwa hilo: ukimwita Vitesse, hutamwita tena. Wateja walilisema kama sifa. Kisha kompyuta za kubeba zikajaa, memori imelehemiwa ndani, hakuna cha kugeuza, kikiharibika unatupa. Papa Muteba alihamia Kananga kwa watoto wake, na dukani kwake sasa wanachaji simu. Macho yangu yakaanza kuchanganya waya. Nikauza bisibisi zangu kwa kijana mmoja wa Kolwezi na kupanda lori.

Mwaka huu lori letu lilikatika mhimili tukiwa tunaingia Likasi. Dereva akasema tutalala hapa siku mbili, labda zaidi. Nilitembea tu, miguu ikanipeleka barabara ya stesheni. Sikuwa na mfuko. Mikono ilikuwa mitupu, sikujua pa kuiweka.

Mlango wa Ngalula ulifunguliwa na mwanamume mwenye miwani, mwalimu wa shule upande wa Mulungwishi. Nilitaja jina langu. Uso wake ukang'aa.

"Vitesse! Ngalula, kuya umone, ni Vitesse wa ile mashini!" Akanivuta ndani kwa mikono miwili. "Papa, ile mashini haiyaharibika ata siku moya. Ata moya! Tulinunua ingine mupya, lakini ile batoto bangali banacheza nayo. Minye naambiaka bantu: kama unatafuta fundi, tafuta kama ule."

Ngalula alikuja akijifuta mikono. Amenenepa kidogo, na kumempendeza. Alinisalimu kama mnavyosalimu mjomba aliyetoka mbali, akaleta maji, akaniuliza habari za Kolwezi. Mume wake alisimulia, tukacheka. Hakuna aliyeniuliza nimekuja kwa kazi gani, na mimi sikuwa na kazi ya kutaja. Nilipoaga, Ngalula alisema atanisindikiza hatua chache, kama inavyotakiwa.

Tulipita ukuta wa jirani. Kisha akaanza, akitazama mbele.

"Ile mwezi weye ulimaliza mashini, nilikuwa naiwasha asubui, naizima, naiwasha tena. Nilifungula madirisha yote jua iingie. Niliweka filamu mbili pa mara moya. Nikasema, leo itagoma."

"Haikugoma."

"Haikugoma." Akacheka kidogo. "Ulitengeneza muzuri sana, fundi."

Nilisimama. "Ungeniita tu," nikasema. "Ata bila mashini."

Naye akasimama, akanigeukia. Hakuwa na hasira.

"Na weye?" akauliza. "Miguu yako ilikuwa nangoya courant?"

Kutoka uani mtoto wake aliita kwamba maji ya bukari yanachemka. Ngalula akanipa mkono, akageuka, akarudi nyumbani kwake kwa hatua za mtu mwenye chungu motoni. Mimi nikaendelea kushuka kuelekea lori, nikamkuta dereva amelala chini yake, na mhimili mpya bado haujafika.